Kuanza Upya Kila Mara

Nawasalimu ninyi wa kambini kutoka huku Kinyinya, Kigali, ambako baadhi yetu tulihamia kutafuta kazi na shule za watoto. Safari hii wazazi wawili waliniomba niandike juu ya vijana wetu na michezo ya kompyuta. Walitaka niseme kama ni dhambi au si dhambi. Nimekaa na swali hilo wiki kadhaa, nalo limenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, mpaka likatufikia sisi watu wazima.

Nianze na kijana wa nyumbani kwangu, mtoto wa kaka yangu mkubwa. Ana kompyuta ya zamani aliyopewa na jirani aliyehama, na ndani yake kuna mchezo uitwao Age of Empires II, uliotoka mwaka 1999. Nawaeleza wasioujua. Unapewa jengo kuu la mji, wanakijiji watatu, mpanda farasi mmoja wa kupeleleza, na akiba kidogo: chakula 200, mbao 200, dhahabu 100, mawe 200. Dunia yote inayokuzunguka ni nyeusi mpaka umtume mpelelezi aende kuifunua. Mwanzoni unatafuta kondoo, unakata miti, unajenga nyumba. Ukikusanya vya kutosha unavuka kutoka Zama za Giza kwenda zama tatu zinazofuata, hadi ya mwisho ambayo ni ya himaya. Mahali fulani katika weusi ule yuko adui naye anajenga.

Jumamosi moja ya mvua nilikaa karibu naye nikiandika orodha ya wanakwaya. Tangu saa nane mchana hadi magharibi alianza mchezo ule mara kumi na moja. Sikumwona hata mara moja akifika zama ya tatu. Alikuwa anajenga vizuri kabisa, mikono inakwenda mbio, halafu ghafla anafuta yote na wale wanakijiji watatu wanarudi kusimama mbele ya jengo lao kama asubuhi ya kwanza. Mwishowe nikamuuliza.

"Mbona umefuta? Ulikuwa hujashindwa."

"Baba mdogo, nimeshachafua. Nguruwe pori ameua mtu wangu mmoja."

"Umebakiwa na wangapi?"

"Kumi na watatu."

"Na adui?"

"Huyo sijamwona bado."

Nilicheka, naye akacheka. Lakini usiku sikupata usingizi upesi.

Wapo wahubiri watakaowaambia kwamba michezo hii ni ya shetani, na wakamaliza hapo. Mimi sioni hivyo. Mchezo ni mchezo. Wala kuanza upya si kosa kwa jambo lenyewe. Fundi seremala anayejifunza kuunga mbao huharibu vipande vingi kabla mkono haujazoea, na hakuna anayemlaumu. Najua pia kwamba tabia hii si ya kijana wangu peke yake. Wachezaji wa michezo ya namna hii duniani kote wanaijua. Upo mwingine, Civilization, wa mwaka 1991, unaoanza mwaka 4000 kabla ya Kristo, na watu wamejenga mji wao wa kwanza mara nyingi mno bila kuufikisha ulimwengu wao kwenye karne yetu.

Ila fundi yule anarudia ili siku moja atengeneze meza. Kijana wangu amekuwa bingwa wa dakika kumi za kwanza, na katika yote yanayofuata ni mtoto mchanga. Hajui kuongoza mji wenye hasara. Hajui kufanya amani na kosa lake mwenyewe na kuendelea nalo. Anachokipenda, nadhani, ni ile hali ya kutokuwa bado na doa lolote.

Na hapo nawaomba tusimhukumu haraka. Mtoto huyu hakuchagua mwanzo hata mmoja katika maisha yake. Kijiji kilihamwa akiwa mgongoni. Kambini alianza shule, akahamishwa. Watoto wetu wengi waliosoma Kifaransa huko Kongo wamerudishwa madarasa nyuma walipofika hapa, kwa kuwa tangu uamuzi wa mwaka 2008 shule za Rwanda ziligeukia Kiingereza. Unamkuta kijana wa miaka kumi na tano ameketi na wa miaka kumi. Wengine waliamua kwa niaba yake kwamba aanze upya, tena na tena. Sasa amepata kisanduku ambamo yeye ndiye anayeamua, na hasara inafutika kwa kidole. Mimi nisingeona ajabu hata kama angeanza mara hamsini.

Tatizo ni kwamba anakizoea, na mazoea hayabaki kwenye kompyuta.

Wazee wetu hapa jirani wanacheza igisoro chini ya mti: mashimo 32, kete 64, kila mmoja 32 zake. Nimewatazama sana. Ukishazisambaza kete, umesambaza. Ukigundua kosa lako baada ya shimo la mwisho, utaugua moyoni, lakini mbele yako ameketi mtu, na ule ubao ni wa wawili. Huwezi kuupindua kwa sababu mambo hayakwenda ulivyotaka. Ukifanya hivyo hutapata wa kucheza nawe kesho. Hii ndiyo tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote. Wale wanakijiji wa kompyuta wakifutwa hakuna anayelia. Katika maisha, kila tunapofuta na kuanza upya yupo mtu aliyekuwa ndani ya ule mchezo tuliofuta.

Niseme wazi, maana tunafahamiana. Tunao wanaume walioacha mke na watoto upande wa pili wa mpaka, wakafika mjini wakaoa tena kama vile hawakuwahi kuoa, na kanisani wanakaa mstari wa mbele. Tunao wanaodaiwa na wenzao wa kambi ya zamani, nao wakikumbushwa husema waliokoka tangu hapo, na kwamba Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za kiumbe kipya. Hata ugomvi wa kwaya siku hizi unazaa kanisa jipya lenye jina jipya na waimbaji walewale.

Kiumbe kipya ni kweli, wapendwa. Nimeamini hivyo na nitakufa nikiamini. Lakini mtazameni Zakayo katika Luka 19. Siku Yesu alipoingia nyumbani mwake hakutangaza kwamba hesabu zake za zamani zimefutwa. Alisimama, akaahidi kugawa nusu ya mali yake kwa maskini na kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Wokovu ulimrudisha kwenye daftari lake la zamani akiwa na moyo mpya. Mfinyanzi wa Yeremia 18 naye, chombo kilipoharibika mkononi mwake hakukitupa ili akachimbe udongo mwingine. Alifinyanga kingine kwa udongo uleule. Na zaidi ya hao wote ni Bwana mwenyewe. Yohana 20 inatuambia kwamba alipofufuka aliwaonyesha wanafunzi mikono na ubavu. Kama kuna mtu aliyeweza kurudi bila alama yoyote ni yeye, naye alirudi na makovu yake. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi na bado linanishinda, lakini nadhani Tomaso asingemtambua kwa njia nyingine.

Sasa nije kwetu watu wazima, kwa sababu kijana wangu angeweza kusoma mpaka hapa akaniuliza, "Na wewe, baba mdogo?"

Sisi nasi tuna mchezo wetu. Tunasema: nikifika nchi ya tatu, hapo nitaanza. Nitajifunza kazi huko. Nitamsamehe ndugu yangu huko, nitafunga ndoa halali huko, nitapumzika huko. Hapa tunaishi kama dakika zile kabla mchezo haujapakiwa. Nawajua wazazi ambao kwa miaka kumi hawakupanda hata mti wa parachichi, kwa hofu kwamba jina lao litatoka kabla haujazaa. Parachichi lingekuwa limeshazaa mara kadhaa.

Halafu ikaja tarehe 20 Januari 2025. Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na watu wengi waliokuwa wamepimwa afya, wamefundishwa mambo ya safari, hata wengine wenye tarehe ya ndege, wakaambiwa safari imefutwa. Walikuwapo waliouza magodoro na masufuria. Sitawafundisha jinsi ya kuyapokea hayo, maana mimi sikuuza godoro langu. Nasema tu kwamba kutamani kwenda si kosa, na waliotamani hawakukosea. Uchungu ninaouona zaidi ni wa yule aliyekuwa ameweka maisha yake yote upande wa pili wa ndege, akabaki bila kitu upande huu, hata urafiki.

Barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli, sura ya 29, tumeihubiri sana kambini, kwa hiyo sitaichambua. Nikumbushe tu kwamba iliandikwa kwa watu waliokuwa wanaambiwa na manabii wengine kwamba kurudi ni karibu sana, hakuna haja ya kujenga. Waliambiwa wajenge na wapande bustani katika nchi ambayo hawakuichagua, huku ahadi ya kurudi ikibaki palepale. Vyote viwili kwa pamoja. Hilo ni gumu kuliko kuchagua kimoja.

Nimemwona mtu mmoja akiliweza. Wakati kambi ya Gihembe ilipofungwa mwaka 2021, kwa sababu ya makorongo yaliyokuwa yanaila ardhi, watu walihamishiwa Mahama. Wengine walikuwa Gihembe tangu mwaka 1997, baada ya mauaji ya Mudende. Kutoka baridi ya Gicumbi hadi joto la Kirehe, nyumba zimeachwa, makaburi yameachwa. Mama mmoja mzee tuliyekuwa naye katika maombi ya Jumatano alifunga mbegu za lengalenga katika kitambaa, akazitia kifuani. Nilipompigia simu baadaye nilimwambia, kwa kumtia moyo nilivyodhani, "Mama, ndiyo hivyo, mmeanza upya." Alinikatiza. "Hapana, mwanangu. Nimeendelea." Alisema lengalenga imeota, lakini majani ni madogo kwa sababu ya jua, na kwamba magoti yanamuuma kama yalivyomuuma Gihembe. Kisha akaniuliza kama yule binti aliyekosana naye katika kikundi cha akina mama bado yuko Kigali, kwa sababu alitaka namba yake.

Basi, wazazi mlioniuliza, jibu langu ni hili. Sikumkataza kijana kucheza. Nilimwomba kitu kimoja: mchezo mmoja tu, autembeze mpaka mwisho wake, hata ukichafuka, nami nitakaa pembeni. Alikubali kwa shingo upande. Dakika ya saba nguruwe aliua mtu. Mkono wake ulikwenda kwenye kufuta, akanitazama, akauondoa. Baada ya hapo alishambuliwa akapoteza nusu ya mji, akalalamika sana, akasema mchezo umekwisha. Haukuwa umekwisha. Alijifunza kuuza mawe sokoni ili apate chakula, jambo ambalo kwa miezi yote ile hakuwahi kulihitaji. Alihamisha watu wake waliobaki nyuma ya msitu. Alivuka zama ya tatu akiwa amechelewa mno, akapiga meza kwa furaha mpaka mtoto mdogo akaamka.

Sijui kama alishinda. Saa moja jioni mama yake alimwita akachote maji kabla bomba halijakauka. Alisimamisha mchezo, wanakijiji tisa wamesimama penye magofu ya mji wao, akachukua dumu la njano. Mlangoni aligeuka.

"Baba mdogo, kaa hapo. Usiguse kitu chochote."

Nikakaa.

Ndugu yenu katika Bwana,
Kinyinya