Mtu Hafaulu kwa Kujaza Mtumbwi

Ndugu zangu wa Kirumba, hapa Mwanza, tuko ibadani jioni hii ya Ijumaa. Nawausieni, nami najiusia kwanza kabla yenu, tumche Mwenyezi Mungu, wala tusihadaike na dunia hii ambayo asubuhi hutupambia riziki na jioni hutudai pumzi.

Imeenea kauli miongoni mwetu kwamba aliyebarikiwa ni mwenye nyumba juu ya jabali, mwenye mitumbwi na mashine zake, mwenye kutangulia kutaja ahadi kwenye harambee ya kanisa. Na asiyejaliwa hayo, husemwa imani yake ni haba. Jihadharini na kauli hiyo! Mali ya halali ni neema, tena tushukuru, lakini mali si shahada ya kuwa karibu na Mungu, wala ufukara si dalili ya kukataliwa naye.

Mkumbukeni Simoni Petro, mvuvi kama sisi. Alitaabika usiku kucha asiambulie kitu, kisha kwa neno la Bwana nyavu zikajaa hata zikawa karibu kukatika, na mitumbwi miwili ikaelemewa na samaki. Je, alikimbilia kutafuta wanunuzi? La hasha. Alianguka magotini pa Yesu akakiri dhambi zake, na walipofika pwani akaacha vyote akamfuata. Siku nyavu zilipojaa ndiyo siku aliyotambua kwamba faida si samaki, bali ni Yeye aliyewaleta.

Basi tujihoji. Pale soko la samaki la Mwaloni alfajiri, mitumbwi ya dagaa inapotia nanga, wapo vijana waliokesha kwenye baridi wakivuta nyavu, macho mekundu kwa moshi na usingizi, wanangoja mgao. Tajiri mwenye mtumbwi anakata gharama ya mafuta, anakata ya taa, anakata deni la juzi, na kijana anarudi nyumbani mikono mitupu. Yupo pia muuzaji aliyebonyeza kitako cha ndoo ili ionekane imejaa, na mjane anayenunua hana la kufanya. Jumapili hao wote tunaimba nao. Ewe ndugu, ikiwa jirani yako analia kwa dhuluma yako, huo ukaribu na Mungu unaoudai uko wapi? Anayemkimbia kibarua wake hamkaribii Mungu.

Na muda wenyewe ni mfupi. Ibra tunayo hapa hapa. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya abiria ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakafariki. Wengi wao tuliwazika kwenye makaburi ya Igoma. Walikuwamo wenye mitaji na wenye kuazima nauli, wote wakijua kwamba baada ya kitambo kidogo watashuka bandarini. Hakuna aliyepewa nafasi ya kurudi kulipa deni, wala kuomba radhi, wala kuanza sala aliyokuwa akiiahirisha. Siku ya hisabu hatutaulizwa tulimiliki mitumbwi mingapi. Tutaulizwa tulimjua Bwana kiasi gani, na wale aliotukabidhi kama amana tuliwatendea nini.

Kwa hiyo nawasihi, msiipime roho kwa mzani wa soko. Aliyefaulu ni yule ambaye asubuhi huanza na sala kabla ya simu, ambaye akikosea hutubu upesi, ambaye akipata hakufuru na akikosa hakati tamaa, kwa kuwa hazina yake ni Mungu mwenyewe. Huyo hata akilala kwenye chumba cha kupanga, ni tajiri. Na aliyemkosa Mungu, hata ziwa zima likiwa lake, ni maskini.

Kesho ni Jumamosi, bado tuna siku moja. Mwenye ujira wa kijana mkononi, aulipe. Mwenye ndoo ya hila, aitupe. Mwenye ugomvi na ndugu yake, amwendee kabla ya kuileta sadaka madhabahuni. Mwenye mgonjwa katika hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure asiyemtembelea, ampelekee uji na faraja. Kisha Jumapili tuje mbele za Bwana tukiwa na dhamiri safi. Mwenyezi Mungu atujalie kumkaribia tungali hai. Amina.