Nani Aliyeigawa Oktava?

Namoto, kwenye ukingo wa kusini wa Ruvuma, mtu hurithi elimu mbili za sauti: ile iliyovuka bahari pamoja na Uislamu, na ile ya dimbila, marimba ya mbao ya Wamakonde. Ya kwanza ilikuja na swali zito. Katika karne ya 10, wanafalsafa wa Ikhwan al-Safa wa Basra waliishika hoja ya Pythagoras: nusu ya uzi hutoa oktava, yaani 2:1, theluthi mbili zake hutoa 3:2, na kwa kuwa mbingu nazo huendeshwa kwa uwiano, muziki ni dalili ya mpango wa Muumba. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alikataa. Kwake sayari hazitoi sauti yoyote, na misingi ya muziki huthibitishwa kwa sikio. Naamini al-Farabi ndiye aliyeukaribia ukweli, na ushahidi uko Msumbiji humu humu.

Wachopi wa Zavala, jimbo la Inhambane, ambao marimba zao za timbila zilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, huigawa oktava katika hatua saba zinazokaribia kulingana. Hatua nne zilizo sawa kabisa hufikia uwiano wa 1.486, wala si 1.5 ya Pythagoras. Atatokea wa kusema kwamba fundi wa timbila amekosea tu. Lakini fundi huuchonga ubao kidogo kidogo, akaupiga, akausikiliza, akauchonga tena. Na mtafiti wa muziki Hugh Tracey, aliyeandika juu ya Wachopi mwaka 1948, aliukuta mpangilio huo kwa mafundi mbalimbali. Makosa hayakubaliani hivyo. Isitoshe, hesabu ya Pythagoras yenyewe haifungi: panda kwa 3:2 mara 12, utafika 129.746, ilhali oktava saba ni 128. Pengo hilo halifutiki. Mwanadamu huchagua tu pa kuliweka, na piano imeligawa kwenye mipando hiyo yote 12.

Je, basi kila kitu ni mazoea? La. Mchopi, mpiga kanuni wa taarabu Zanzibar na mpiga piano, wote huirudia oktava. Hapo maumbile yamesema. Kwingine yametuachia kazi. Anayehofu kwamba jambo hili linampunguzia Mungu utukufu ameifunga imani yake kwenye hesabu isiyofunga, wakati sikio lenye uwezo wa kuchagua nalo ni kipawa cha Mungu. Kwa hiyo mwalimu wa Namoto asimwambie mtoto kwamba dimbila ya babu yake imekosea sauti. Aipime kwanza.