Jumatano: Picha Iliyogeuka

Soma Zaburi 73:1-17. Asafu aliona nini kwa macho yake, na ni wapi alipopata kukielewa?

Mtu anayeelekeza darubini yake ya kwanza ya nyota kwenye mnazi wa jirani hushtuka: mnazi unaning'inia kichwa chini. Wengi hudhani wameuziwa chombo kibovu. Sivyo. Darubini ya Galileo ya mwaka 1609 ilionyesha picha iliyosimama wima, lakini kwa sehemu ndogo mno ya anga. Mwaka 1611 Johannes Kepler alieleza jinsi ya kutumia lenzi mbili zilizovimba katikati: eneo linaloonekana huwa pana zaidi, ila picha hugeuka, juu ikawa chini na kulia ikawa kushoto. Darubini ya vioo aliyobuni Newton hugeuza vivyo hivyo. Lenzi za kuinyosha picha zipo, lakini kila lenzi hula mwanga kidogo, na nyota hafifu haina mwanga wa kupoteza.

Hakuna nyota iliyopotea, basi. Hata nafasi kati ya nyota na nyota ni ile ile. Kinachokosekana ni mwelekeo. Mtazamaji huupata kwa kuiacha darubini itulie bila kuigusa. Kwa kuwa dunia inazunguka, nyota husogea polepole hadi ukingoni na kutoweka. Upande inakotowekea ndio magharibi, hata kama jicho linasema vingine.

Asafu naye hakuona uongo. Waovu wana afya, wamenenepa, mali zao zinaongezeka (mst. 3-12), yeye mwenye mikono safi anapigwa mchana kutwa (mst. 13, 14). Orodha yake ni sahihi. Mshiriki aliyefukuzwa kazi kwa kukataa zamu ya Sabato, kisha akamwona aliyeshika nafasi yake akiezeka nyumba mpya, naye hahitaji kuambiwa kwamba anaota. Washiriki wenzake humkosea wanapomwambia hivyo. Nyumba ile ipo, na ada ya watoto wake haijalipwa. Miguu ya Asafu ilikaribia kuteleza (mst. 2) kwa sababu ya mambo ya kweli.

Angalia kwa makini mst. 17. Alipoingia katika patakatifu pa Mungu hakuonyeshwa kwamba waovu ni maskini, wala kwamba yeye ni tajiri. Alitambua mwisho wao. Pale kwenye madhabahu, mbele ya damu ya dhabihu, dhambi ilionekana inakoelekea; na aliyeitubu alionekana anakoelekea pia. Asafu aliacha kupima watu kwa mahali waliposimama siku ile.

Soma Zaburi 73:21-26. Zaburi haituambii kwamba mali yake iliongezeka au kwamba mapigo yalikoma. Mwili wake bado unapunguka (mst. 26). Lakini ameshikwa mkono wa kuume (mst. 23), na aliyemshika anaijua njia.

Katika mst. 15 Asafu anasema kwamba, kama angeyatamka mawazo yake, angekikosea kizazi cha wana wa Mungu. Je, mtu mwenye swali kama lake angeweza kulisema katika darasa lenu Sabato hii? Angejibiwa nini, na ni nani angemsaidia ile ada?