Naruhusiwa Kuwashangilia?

Rafiki yangu wa kijiweni alichungulia daftari langu akasema, "We bwana, unawashangilia watu ambao wasingekubali hata kukaa nawe behewa moja." Nikacheka. Usiku usingizi haukuja.

Watu wenyewe ni vijana wa chuo kidogo cha Sewanee, juu mlimani huko Tennessee, Marekani. Mwaka 1899 walicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi na kuangushana. Meneja wao, Luke Lea, naye mwanafunzi tu, aligombana na chuo cha Vanderbilt juu ya mgawo wa viingilio, mechi ya kuwaletea fedha ikafa. Akapanga safari. Novemba 9 wakaipiga Texas 12-0 mjini Austin. Kesho yake Houston, Texas A&M 10-0. Keshokutwa New Orleans, Tulane 23-0. Jumapili wakapumzika. Jumatatu LSU 34-0, Jumanne Mississippi 12-0 mjini Memphis. Mechi tano kwa siku sita, safari ya treni ya kilomita zipatazo 4,000, na hakuna aliyepata pointi hata moja kwao! Siku hizo mchezaji akitoka harudi, kwa hiyo ukiumia unakaza meno. Msimu mzima walishinda mechi zote 12, pointi 322 kwa 10. Hizo kumi ni za Auburn, ambao nusura wawaumbue: 11-10.

Nani asiyesisimka? Mimi riwaya moja imenishinda miaka mitatu, eti nimechoka.

Jibu langu la kwanza kwa rafiki yangu lilikuwa jepesi: jasho halina rangi. Uongo mtupu. Chuo kile kilianzishwa na maaskofu mwaka 1857, mmojawao Leonidas Polk, aliyemiliki watumwa wengi, na baadaye akawa jenerali katika jeshi la majimbo yaliyopigania utumwa. Treni zile zilipita kwenye majimbo yenye sheria ya kutenga mabehewa kwa rangi, na Mahakama Kuu ya nchi ilikuwa imeibariki mwaka 1896. Mwaka 1952 wakuu wa chuo walikuwa bado wanakataa kupokea watu weusi katika shule ya theolojia (theolojia, jamani!) mpaka walimu kadhaa wakajiuzulu. Mlango ukafunguliwa 1953.

Halafu kuna hili. Mwaka 1892 vijana weusi wa vyuo vya Biddle na Livingstone walishacheza mpira huohuo, kwenye theluji, kule North Carolina. Sewanee hawakukutana na watu kama hao. Basi nikiandika "hawakushindwa", maana yake hawakushindwa na walioruhusiwa kuingia uwanjani.

Nichane kurasa? Sidhani. Kustaajabia miguu ya mtu si kumsamehe, wala sihitaji kibali chake. Nikikataa kuguswa, nitakuwa nimekubali kwamba uvumilivu ni mali yao peke yao. Ila nitakapowaandika, nitawaandika wakiwa ndani ya behewa lao, na sheria yake.

Rafiki yangu haafiki. Anasema wapo mashujaa tele ambao hawakumfungia mtu mlango, kwa nini nisianze na hao? Hapo kaniweza. Sura ya kwanza naiandika upya, na inaanzia kwenye theluji.