Kutu Chini ya Rangi

Gari la michezo aina ya MGB lilianza kuundwa mjini Abingdon, Uingereza, mwaka 1962, na hadi kiwanda kile kilipofungwa mwaka 1980 yalikuwa yamekwisha kutoka magari zaidi ya laki tano. Ni gari dogo, la wazi kwa kawaida, na wapenzi wake wangali wakilienzi kwa huba ambayo wengine huwanyima hata jamaa zao. Adui yake ni kutu. Nchini humo barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Maji hayo hurushwa na magurudumu, yakachanganyika na tope na kujibanza nyuma ya madigadi ya mbele, mahali ambapo jua halifiki wala upepo haukaushi.

Gari hili halina fremu iliyo mbali na bodi. Bodi ndiyo mifupa. Na lile lisilo na paa la bati hutegemea mno vizingiti viwili vilivyo chini ya milango, kila kimoja kikiwa ni matabaka ya bati: la nje, la kati na la ndani. Humo ndimo kutu hujenga. Kwa nje rangi yameremeta. Ndani chuma kimekwisha kuwa unga.

Basi fundi afanyeje? Iko njia ndefu. Hupima nafasi za milango, akachomelea vyuma vya kuushikilia uwazi wake ili bodi isipinde katikati, akafungua madigadi ya mbele, akakata bati la nje, kisha la kati, hata afike kwenye chuma kizima, na hapo ndipo aanze kujenga upya. Ni kazi ya siku nyingi. Na iko njia fupi: kuchomelea bati jipya juu ya lililooza, kupaka puti, kupiga msasa na kumalizia kwa rangi. Mnunuzi akilitazama gari hilo atalisifu. Sumaku peke yake ndiyo itakayokataa kunata penye puti nene, na hata hiyo haitoi ushahidi pale ambapo bati jipya limefunika ovu.

Watetezi wa njia fupi husema kwamba mwenye gari ametaka pambo na pambo amepewa. Hakuuliza la ndani, wala hakuambiwa uwongo. Hoja hii ni dhaifu. Rangi nayo ni kauli. Kizingiti kilichopakwa rangi kinamwambia abiria kwamba kitambeba, na abiria huyo hakuwapo siku bei ilipokubaliwa. Kumfichia udhaifu wa kitu alichokiamini kwa roho yake ni hiana, hata kama hakuna neno lililotamkwa.

Upande wa pili wapo wenye wivu wa asili. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutoa bodi mpya kamili za MGB, zikifinyangwa kwa kalibu za zamani. Je, gari lililovishwa bodi hiyo ni lile lile? Plutarch alikwisha kuandika juu ya merikebu ya Theseus iliyobadilishwa mbao mojamoja, na katika karne ya 17 Thomas Hobbes akatia chumvi: vipi mtu akiziokota mbao zilizotupwa na kuunda merikebu nyingine? Seremala wa majahazi huenda akalicheka swali hilo. Kwake ubao uliooza hung'olewa, na chombo hubaki na jina lake.

Wasomaji wa mashairi wanayo mizani iliyo karibu zaidi. Mnukuzi wa muswada wa kale, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, hukuta mahali palipoliwa na mchwa. Akiacha pengo, ubeti unachechemea. Akitunga kipande chake, vina vikalingana, na asiseme, amepaka puti: vizazi vitakavyofuata vitamsifu mtunzi kwa maneno asiyoyasema. Akitunga na kuandika pembeni kwamba hapa pana mkono mwingine, nani wa kumlaumu? Vivyo hivyo bodi mpya inayotajwa kuwa mpya haimdhulumu mtu, wakati gari linalojigamba kuwa la asili huku vizingiti vyake vimefunikwa linadhulumu kila anayepanda.

Limebaki suala la fedha, nalo si dogo. Asiye na uwezo wa kazi ndefu hana kosa kulifunika gari lake turubai na kungoja. Na fundi aliyepewa kazi hupiga picha kizingiti kikiwa wazi, akanyunyiza nta ndani ya tundu kabla halijazibwa, ili maji ya chumvi yakija tena yasipate chuma kitupu, kisha akaziweka picha zile pamoja na ufunguo, kwa ajili ya mnunuzi wa tatu au wa nne ambaye hatamwona.