Je, Mashine Isemayo Ina Akili?

Juma lililopita, baada ya sala ya Magharibi, kijana mmoja wa darsa letu hapa Kongowea alitusomea hadithi juu ya haki za wachuuzi. Maneno yake mazuri, isnadi yake imetimia. Tulipofungua vitabu hatukuiona popote. Alipoulizwa kaipata wapi, akasema ameiuliza mashine iliyomo katika simu yake.

Mashine hizi, zilizoenea tangu mwisho wa mwaka 2022, zimelishwa maandishi ya wanadamu yasiyo na idadi, na kwayo hukadiria ni neno gani litakalofuata jingine. Baada ya "amesimulia" huja jina la mpokezi. Basi nayo huweka jina. Haikukusudia uongo, wala haikukusudia kweli.

Wako wasemao kuwa hiyo ndiyo akili. Sikatai kwamba ni kazi ya ajabu. Hata mimi imewahi kunisahihisha nahau ya Kiarabu, nami nikanyamaza. Lakini Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakutosheka na ufasaha wa mpokezi. Alitaka kujua uaminifu wake, hifadhi yake, na kama alikutana na yule anayempokea. Mashine imekutana na nani? Na kwa mafakihi, mwenye akili ndiye aulizwaje juu ya neno lake. Hili la mashine ataulizwa kijana wetu.

Naye alikwisha kuwasomea wachuuzi watatu wa sokoni. Jumamosi alikwenda kuwarudia mmoja mmoja. Wa tatu, muuza vitunguu, hajampata bado.