Mla Jana Kala Nini?

Wazee wetu wa pwani wana neno ambalo hulitumia kumnyamazisha mtu ajigambaye kwa mambo yaliyopita: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ni neno kali, na barazani aghalabu halipati jibu, kwani ni nani awezaye kulionesha tonge alilolimeza jana? Nilikuwa nalo moyoni nilipokwenda kuizuru Tunisia, nchi ndogo iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya bara letu, ukingoni mwa Bahari ya Mediterania, ambako Wafinisia, Warumi, Wavandali, Wabizanti, Waarabu, Waturuki na Wafaransa wamelikalia sinia moja kwa zamu, hawa wakinawa na wale wakiinuka, hata msafiri hawezi kutembea nusu siku pasipo kujikwaa katika makombo ya karamu ya mtu aliyekwisha sahauliwa.

Kusafiri kwa ajili ya kutazama magofu kwaweza kudhaniwa kuwa ni anasa ya wenye nafasi, lakini dini haikuona hivyo. Qurani imewahimiza watu, tena zaidi ya mara moja, watembee katika ardhi wautazame mwisho wa kaumu zilizowatangulia. Na faida ya kutazama huko huitwa ibra, neno ambalo asili yake katika Kiarabu ni kuvuka, mfano wa mtu avukaye mto kutoka ukingo huu hadi ule. Basi aliyepata ibra ni yule aliyeliona jambo la dhahiri akavuka nalo hadi kwenye la batini. Swali langu ni hili: avuke kwenda wapi? Sisi tuliolelewa na Al-Inkishafi, utungo ambao Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga akiyataamali majumba ya Pate yaliyobomoka, twadhani kwamba ng'ambo hiyo twaijua sana: kwamba dunia ni hadaa, na kwamba mwenye kasri na mwenye kibanda wote watalazwa katika mwanandani ulio sawa.

Ng'ambo hiyo niliiona El Jem. Barabara hupita katikati ya mashamba ya mizeituni yaliyopandwa kwa safu zisizokwisha, kisha ghafula, juu ya nyumba fupi za mji, huchomoza uwanja mkubwa wa mviringo, wenye matao ya ghorofa tatu na mawe ya rangi ya asali, ambao Warumi waliujenga katika karne ya 3 kwa utajiri wa mafuta ya zeituni, ili watu wapatao 30,000 wakae kitako watazame wanyama wakiwararua wanadamu. Mji huo uliitwa Thysdrus, na hapo ndipo, mwaka 238, matajiri wa mashamba waliochoshwa na kodi walipomuua mtoza kodi wa Kaisari, wakamvika joho la ukaisari liwali wao Gordianus, mzee wa miaka ipatayo 80. Hazikupita ila wiki tatu hivi, mwanawe akawa ameuawa vitani karibu na Carthage, na mzee mwenyewe akajitia kitanzi. Nilishuka hadi kwenye ujia wa chini ya uwanja, ambamo wanyama walifungiwa wakingojea zamu yao, nikamkuta paka amelala mlangoni pa chumba cha simba, wala hakunifungulia hata jicho moja.

Na Carthage kwenyewe mambo ni yayo kwa yayo. Mwaka 146 kabla ya Masihi, Scipio, amiri wa Roma, alipouona mji huo ukiteketea kwa moto alioutia yeye, alitokwa na machozi, na mwanahistoria Polybius aliyekuwa ubavuni pake akasikia kwake kwamba anaihofia Roma siku kama ile. Mtakatifu Augustino, aliyesoma na kufundisha katika Carthage hiyo baada ya Warumi kuijenga upya, aliishi hata akaiona hofu hiyo ikitimia Roma ilipotekwa mwaka 410. Naye akaandika kitabu kikubwa juu ya Mji wa Mungu, kuwafunza waumini wasiyaweke matumaini yao yote katika mji wowote uliojengwa kwa mikono, kisha akafa mwaka 430 katika mji wake wa Hippo, Wavandali wakiwa wameuzingira. Mpagani alilia, Mkristo akainua macho mbinguni, na mshairi wetu Mwislamu akaukanya moyo wake. Wote watatu walivuka kutoka kwenye jiwe wakafika kwenye mauti, nami ningalifuata njia yao hiyo kwa utulivu, lau si kijana mmoja wa Tunis.

Kijana huyo ni Ibn Khaldun, aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1332, mwaka mmoja tu baada ya Ibn Battuta, ambaye naye alipita Tunis akielekea Makka, kufika Kilwa yetu. Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, asimulia jinsi alivyowaona utotoni mwake watu wa Tunis wakiyaendea matao ya Carthage kila walipohitaji mawe ya kujengea, wakiyagonga siku nyingi kwa jasho jingi, kisha kikaanguka kipande kidogo tu. Maji yalikuwa yakiletwa Carthage kwa mfereji uliotoka mlima wa Zaghouan, mwendo wa kilomita zipatazo 130, na vipande vya matao yake vingali vimesimama mashambani. Watu wa zama zake walisema kwamba waliojenga vile walikuwa majitu. Yeye akakataa katakata, akawaelekeza kwenye nyumba za kaumu ya Thamudi zilizochongwa katika majabali, ambazo milango yake ina kimo cha milango yetu: waliojenga walikuwa watu wa kimo chetu, na ukubwa wa kazi yao ulitokana na nguvu ya dola, na mikono mingi iliyokusanywa pamoja, na vyombo vya ufundi vizidishavyo uwezo wa mtu. Wala huyu hakuwa mgeni wa fana, yaani kutoweka kwa kila kilichopo. Tauni iliyoingia Tunis mwaka 1348 iliwachukua wazazi wake wote wawili, na ni yeye aliyefundisha kwamba dola nazo zina umri kama wanadamu. Hata hivyo alipofika mbele ya gofu, kitu cha kwanza alichokipima ni mlango.

Kipimo hicho ndicho nilichokichukua kwenda nacho Kairouan, mji alioufanya Uqba bin Nafi kuwa kambi ya majeshi yake mwaka 670. Msikiti wake mkuu, ambao sehemu yake kubwa ilijengwa upya na amiri Ziyadat Allah mwaka 836, una msitu wa nguzo za marumaru zilizotolewa katika mahekalu, makanisa na majumba ya Kirumi na Kibizanti. Hata vichwa vyake havilingani, hiki kimechongwa majani na kile kimeachwa laini, na kila nguzo fupi imeongezewa kitako ili ifikie mwenziwe. Sehani yake imeinamishwa kidogo kuelekea katikati, na hapo maji ya mvua huingia katika sahani ya marumaru yenye vidaraja, ambayo huyachuja vumbi kabla hayajashuka katika birika lililo chini ya ardhi. Kando yake pana visima vya kuyatekea maji hayo, na midomo ya visima hivyo ni vitako vya nguzo za kale vilivyotobolewa katikati.

Niliinama nikautazama mdomo mmoja. Ukingo wake wote umechimbika mifuo, mmoja kando ya mwingine, myembamba na laini ndani kama ukucha. Hakuna patasi iliyoichonga. Ni kamba za ndoo, zilizovutwa na watu waliokuja kutawadha, karne baada ya karne, kila mmoja akiondoka na chembe asiyoiona. Nilitia kidole katika mfuo mmoja, kikazama hadi kiungo cha pili.

Hapo niliona kwamba fana, ambayo tumezoea kuitaja kama kitu kimoja, ina namna mbili: kuna kuanguka, na kuna kulika. Uwanja wa El Jem umesalia kwa kiasi cha kumstaajabisha mtu, lakini kwa muda wa karne nyingi hapajakuwa na mtu aliyeuhitaji kwa lile ulilojengewa, wala hapana amwombeaye rehema aliyeujenga. Kitako kile cha nguzo kimepoteza hekalu lake, na mungu wake, na jina la mchongaji wake, na sasa chapoteza hata mwili wake. Lakini kila kilichopotea ukingoni pake kilipotea mtu akipata maji. Atakayeniambia kwamba nguzo zile zilinyakuliwa kutoka katika nyumba za ibada za watu wengine, nitamkubalia, wala sisemi kwamba mwenye nguvu achukuapo huwa amehalalishiwa. Nasema tu kwamba jiwe halikuwa la Mrumi kuliko lilivyo la Mwarabu. Lilikuwa amana mikononi mwa wote wawili, na amana huulizwa imetumikaje.

Kwa hiyo siipingi Al-Inkishafi, kwani majumba yatabomoka, na mwanandani watungoja. Lakini mtu aliyekwisha yakinishiwa kwamba ataisha bado hajaambiwa aishe vipi, na ibra iliyokomea kwenye machozi ya Scipio imemvusha nusu ya mto. Wazee waliuliza mla jana kala nini, nasi tukadhani kwamba swali lamhusu mwenye kula. Pale Kairouan, kidole changu kikiwa ndani ya jiwe, nililisikia likiulizwa kwa kilicholiwa.